Stoo Isiyo na Daftari

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba ambayo mwenye kuihitaji hajui ilipo haina tofauti na akiba iliyooza. Jambo hilo lilimfika bwana mmoja, askari mstaafu, ambaye kwa miaka 22 alizoea kutia sahihi kwa kila spana aliyopewa, na ambaye nyumbani kwake alijenga stoo kumi na moja bila daftari hata moja.

Bwana huyo alizaliwa mwaka 1976 katika kambi ya jeshi mjini Jinja, Uganda. Alipokuwa kijana alihamia Uingereza, akajiunga na jeshi la huko kama raia wa Jumuiya ya Madola, akawa fundi wa magari. Mkewe naye ni mtoto wa polisi, aliyelelewa katika nyumba za askari. Hadi leo wawili hao huzungumza Kiswahili, lugha ya kambini. Alipostaafu mwaka 2022, watoto wao wakiwa wamekwisha kujitegemea, walinunua gari-nyumba lililokwisha kutumika ili waitembee Ulaya polepole.

Gari-nyumba ni gari ambalo nyuma ya kiti cha dereva lina kitanda, jiko la gesi, sinki, choo kidogo na makabati. Mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia cha Ujerumani kilianza kutengeneza sanduku la mbao la kutiwa ndani ya gari la Volkswagen, likiwa kabati na kiti mchana na mahali pa kulala usiku. Afrika nayo iliwahi kushuhudia makazi ya aina hiyo. Kati ya mwaka 1959 na 1960 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa nyumba 41 za kukokotwa na magari kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Uganda na Kenya.

Mtoto wa kambini hashangazwi na ufinyu wa nyumba kama hiyo. Bwana huyu alikulia katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na chini ya kitanda cha wazazi wake palikuwa na sanduku la mbao lenye sakafu mbili. Sakafu ya juu ilibeba nguo. Chini yake, katika nafasi ya vidole viwili tu, mama yake aliweka fedha, vyeti vya watoto na barua za jeshi. Mtoto aliustaajabia ujanja huo, wala hakuusahau.

FUNDI NA SENTIMITA ZAKE

Katika safari yao ya kwanza mwizi alivunja dirisha la gari usiku, penye maegesho ya barabara kuu, akachukua mkoba uliokuwa juu ya kiti. Hasara haikuwa kubwa, lakini bwana aliichukulia kama askari anavyoichukulia lindo lililolala. Waliporejea nyumbani alianza kutafuta mahali pa kuficha.

Njia yake ilikuwa nzuri, na inamfaa kila mwenye nyumba ndogo. Kwanza alipima nje, kisha ndani. Ikiwa kabati lina kina cha sentimita 55 kwa nje, na mtoto wa meza uliomo una kina cha sentimita 40 tu, basi sentimita 15 zimelala bure huko nyuma. Pili aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, maana palipo wazi hujibu kwa sauti yake. Tatu alifungua na kumulika kwa tochi kabla ya kutoboa tundu lolote, kwa kuwa nyuma ya mbao za gari-nyumba hupita nyaya za umeme, mabomba ya maji na bomba la gesi. Anayetoboa asichokiona hutoboa msiba.

Nafasi alizipata nyingi. Ubao wa miguuni mwa makabati ya jiko ulificha uwazi wa sentimita 10 toka sakafuni, akaufanya ushikwe kwa sumaku badala ya skurubu. Nyuma ya egemeo la kiti palikuwa na pengo la kutosha bahasha na vitabu vyembamba. Kona ya jiko ambayo mkono haukuifikia aliitilia mlango mdogo kutoka upande wa kiti. Chini ya kitanda aliweka sakafu ya pili, kama ile ya sanduku la mama yake. Alichagua plaiwudi ya mpopla, kwa kuwa mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 9 ina uzito wa kilo 4 hivi, ilhali ya mbetula hufika kilo 6.

Mambo mawili aliyaheshimu barabara. Hakuziba matundu ya sakafuni karibu na jiko, kwani gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja huteremka chini na kutokea hapo. Yakizibwa, hukusanyika ndani ikingoja cheche. Wala hakusogeza vitu kwenye bomba la hewa moto la kupashia gari. Tena, katika kituo cha feri ya kwenda Ufaransa, afisa alipotaka kukagua gari, bwana mwenyewe alimfungulia kila mahali bila kungoja kuulizwa. Alijua kwamba pengo la siri lenye sukari na chai ndani yake huonekana kama pengo la magendo endapo mwenyewe atasitasita.

Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuonyeshwa mapengo hayo yote. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, pasipoti umeziweka wapi?" aliuliza siku moja.

"Ziko salama, mama watoto. Usiwe na wasiwasi."

Hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwamba siri inayojulikana na mmoja ni imara kuliko inayojulikana na wawili. Mkewe naye, kwa heshima na kwa mazoea, hakuuliza tena.

ASUBUHI YA KIKOMBE

Bwana huyo alikuwa na ugonjwa wa mapigo ya moyo yasiyo na mpango, na daktari wake alimwandikia vidonge vya kuzuia damu isigande. Asubuhi moja, magharibi ya Ufaransa, alikuwa amekaa mezani. Kikombe kikamponyoka. Mkewe aligeuka akaona mdomo wa mumewe umepinda upande mmoja. Alimwita, naye akajaribu kuitika, lakini maneno yakatoka kama ya mtu aliye usingizini.

Bibi alikimbia kwa majirani wa maegesho, wakapiga simu 112. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Mwenye kuhudumia aliuliza kwa njia ya jirani mmoja aliyejua Kiingereza: Mgonjwa anatumia dawa gani? Je, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Ipi, na alimeza lini mara ya mwisho?

Maswali hayo hayakuwa ya kupoteza wakati. Kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda huweza kutibiwa kwa dawa ya kuiyeyusha, lakini dawa hiyo ni ya hatari kwa mtu ambaye damu yake tayari imezuiwa kuganda, maana anaweza kuvuja damu ubongoni. Tena kila dakika inayopita huua sehemu ya ubongo. Bibi alijua kwamba mumewe alikuwa na vidonge vya moyo. Jina lake hakulijua. Kasha la vidonge, barua ya daktari na hati za bima vilikuwa ndani ya gari lile lile, pengine hatua mbili kutoka aliposimama, na mtu pekee aliyejua ni wapi alikuwa amelala mbele yake asiweze kutamka neno.

Mgonjwa alichukuliwa. Bibi alibaki na jirani, wakapekua. Walifungua makabati yote, wakainua magodoro, wakatupa nguo sakafuni. Baada ya dakika zaidi ya ishirini bibi alipiga magoti kuokota kitu, akaona kwamba ubao wa miguuni chini ya jiko ulikuwa na alama ya vidole pembeni, kama mlango unaoshikwa mara kwa mara. Aliuvuta, ukatoka. Nyuma yake palikuwa na kopo la bati lenye kila kitu. Jirani alilisoma jina la dawa kwenye simu, herufi kwa herufi, na madaktari wakajua njia ipi waifuate na ipi waiepuke.

Bwana alipona, ingawa vidole vya mkono wa kushoto vilibaki vizito. Sheria ya Uingereza humzuia aliyepatwa na kiharusi kuendesha gari kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kwa hiyo mtoto wao wa kiume alikuja kuwarudisha. Njiani baba hakusema mengi. Walipokaribia nyumbani alimwambia mkewe: "Sanduku la mama lilikuwa na sakafu mbili. Nilikumbuka hilo. Nilisahau kwamba mama alimwonyesha dada mkubwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila baba yao alipopelekwa mbali, mama alimwita bintiye wa kwanza, akainua nguo, akamwonyesha ubao wa chini na kumwambia kilichomo. Siri ilikuwa ya nyumba, haikuwa ya mtu mmoja.

MIZANI HAIFICHWI KITU

Bibi alinunua daftari la shule. Walitoa vitu vyote garini, wakavipanga uani, wakavipima kimoja kimoja kwa mizani ya nyumbani. Kila mahali pa siri palipewa namba, na mbele ya namba paliandikwa kilichomo na uzito wake. Hapo ndipo kosa la pili lilipojitokeza, ambalo halikuwa limemwumiza mtu bado.

Gari lao lilikuwa na bamba la kiwanda lililoruhusu uzito wa kilo 3,500, na kati ya hizo ekseli ya nyuma isizidi kilo 2,000. Walirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, wakajaza maji, wakapanda wote wawili na mtoto wao akishika usukani, wakaenda kwenye mizani ya magari. Mbele ilisoma kilo 1,550. Nyuma ilisoma 2,140. Jumla ilikuwa kilo 3,690, yaani kilo 190 zaidi ya haki. Walikuwa wamevuka milima na mizigo ambayo matairi na breki hazikuundiwa. Tena nchini humo aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 haruhusiwi, kwa leseni hiyo peke yake, kuendesha gari la kawaida la petroli au dizeli la uzito unaozidi kilo 3,500.

Fundi alielewa mara moja. Pengo tupu humwita mtu alijaze, na kila alipopata nafasi alipata sababu ya kuijaza. Tena mapengo mengi yalikuwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, ambako mzigo hufanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya pembea. Gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3.8 likiwekewa kilo 100 mahali palipo mita 1.9 nyuma ya ekseli ya mwisho, ekseli hiyo huongezewa kilo 150, na ile ya mbele hupunguziwa 50. Usukani huwa mwepesi, na gari hukataa kutii katika kona.

Walianza kupunguza. Badala ya kusafiri na lita 100 za maji walichukua 20, wakaokoa kilo 80. Vyuma vya ufundi vilivyoachwa nyumbani vilikuwa kilo 45, vyakula vya makopo 40, hema kuukuu 30, vipuri na mabaki ya mbao 25. Mizani ya pili ilisoma kilo 3,470, na nyuma 1,930. Mapengo manne yalibaki matupu, na bwana akaandika katika daftari mbele ya kila moja: "Pasijazwe."

KURASA MBILI

Leo daftari hilo halisafiri ndani ya gari, maana mwizi akilipata atashukuru. Nakala moja iko kwa binti yao. Bibi anayajua mapengo yote kwa moyo, na kila kabla ya safari huyafungua yeye mwenyewe huku mumewe akitazama. Jina la dawa, kipimo chake na namba ya simu ya binti vimeandikwa kwenye kadi iliyo mahali pa wazi, kando ya mlango, kwa sababu hakuna mwizi anayeiba jina la ugonjwa.

Katika nyumba za askari na polisi, ambako baba au mama huweza kuitwa kazini usiku na kuondoka kabla ya mapambazuko, mahali pa kuficha ni jambo la busara. Uwe ni uwazi chini ya kabati, sanduku la bati, au ubao wa kitanda, faida yake ni kumpoteza mwizi. Lakini kila stoo jeshini ina mweka stoo, ina daftari, na ina mtu wa pili mwenye kujua ufunguo ulipo endapo wa kwanza hayupo. Nyumba haistahili kanuni pungufu kuliko hiyo.

Walipoondoka tena majira ya kuchipua yaliyofuata, bibi alikaa kiti cha mbele, akauliza kama zamani: "Baba watoto, pasipoti ziko wapi?"

"Namba saba," alijibu.

"Namba tisa," bibi akamsahihisha. "Nilizihamisha jana, nikaandika."

Bwana akacheka, akawasha gari.