Pete ya Njano

Ujumbe wa mama uliingia saa mbili na dakika kumi na nane usiku: "Imekatika tena."

Hakuwa akizungumzia umeme. Mama alikuwa kijijini, ukishapita Nyamongo na kuvuka Mto Mara kuelekea Mugumu, na redio yake ndogo dirishani. Mimi nilikuwa Tarime mjini, nimesimama mbele ya mtambo wenyewe wa kurushia matangazo, natazama taa nyekundu iliyowaka. Sikumjibu. Mkono wangu ulikuwa bado unanuka solda, na kilichokatika ndicho nilichokuwa nimetoka kukitengeneza.

Ilikuwa Desemba. Kwetu Wakurya, shule zikifungwa Desemba ndipo msimu wa tohara unapoanza, na si wa wavulana peke yao. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria hailali nyumbani kwa mtu. Mimi kila Desemba mama alinipeleka Musoma kwa mama mkubwa, "kusaidia kazi". Nilichukia sana safari zile, nikiwaacha wenzangu wakicheza. Nilikuwa kidato cha tatu nilipoelewa nilikuwa nikikimbizwa nini.

Wasio na mama mkubwa Musoma wana nyumba salama ya Mugumu, wana kituo cha Masanga upande wa Tarime, wana dawati la jinsia na watoto la polisi. Kote huko kuna namba ya simu, na redio hii ilikuwa inazisoma namba hizo saa mbili usiku, mara tatu, polepole. Polepole kwa sababu msichana hawezi kuandika namba ile mahali ambapo baba ataiona. Anaishika kichwani.

Sasa mtambo ulikuwa unafanya kazi vizuri asubuhi, kwa nguvu ndogo. Ukiupandisha hadi wati 500 ili ufike Serengeti, baada ya robo saa hivi unajizima. Fundi wa kituo ni mzee mmoja aliyejifunza redio kwa kufungua redio. Alisikia niko likizo, kwamba nasoma uzamili wa uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam, na kwamba utafiti wangu unahusu koili za kuzuia mawimbi, zile ambazo wengine huziita choki. Akaja mwenyewe nyumbani kwa shangazi.

"Mwanangu, umesoma kitu hiki hiki chenyewe. Njoo."

"Nakuja, tata," nikamwambia, na moyoni nilijiona mkubwa kweli kweli.

Kazi ya choki ni kama ya mlinzi wa geti. Transista ya kukuza nguvu inahitaji umeme wa moja kwa moja, volti 48, na kwa wati 500 itavuta kama ampea 15. Umeme huo lazima upite. Lakini mawimbi ya redio yanayozaliwa kwenye transista hayatakiwi kurudi kupitia njia hiyo hiyo hadi kwenye pawa saplai. Choki inapitisha umeme na kuzuia mawimbi. Ni waya uliozungushwa, basi. Swali ni uzungushwe juu ya nini.

Nilipofungua boksi niliiona mara moja: pete ya njano yenye upande mmoja mweupe, sawa na kifuniko cha chupa ya soda kwa upana. Ukifungua pawa saplai ya kompyuta ya mezani utaikuta. Ni unga wa chuma uliogandishwa, na rangi zile mbili ni alama ya aina yake. Ilibuniwa kulainisha umeme wa masafa ya chini, ya makumi ya maelfu ya hezi. Stesheni hii inarusha karibu na megahezi 98. Kwenye masafa hayo pete ile haizuii mawimbi, inayala na kuyageuza joto. Rangi ya njano ilikuwa imekuwa kahawia upande mmoja.

Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya matangazo ya vifo. Mawimbi pale yana kama volti 34. Pete ikiyapa njia yenye ukinzani wa omu 200 tu, zinapotea karibu wati 6. Wati 6 ni kitu kidogo kwenye taa ya chumbani. Ndani ya pete ile, kwenye boksi lililofungwa, ni jiko.

"Hii ya njano ndiyo mchawi wako, tata."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameiweka yeye, baada ya koili ya zamani kuungua, na aliipima kwa siku tatu kwa nguvu ndogo kabla ya kuiamini. Sikumuuliza zaidi. Hapo ndipo nilipokosea, na nitakuwa mkweli: sikumuuliza kwa sababu nilidhani hakuna cha kujua kwake.

Begini nilikuwa na pete zangu za utafiti. Feraiti, nyeusi, nzito kama kokoto za mtoni. Feraiti ni kauri yenye oksidi ya chuma ndani yake pamoja na nikeli na zinki, au manganizi na zinki, na tabu yake kubwa ni kwamba zote zinafanana. Aina ya 43 na aina ya 61 ukiziweka mezani hutazitofautisha kwa macho, ingawa ya kwanza inaongeza sumaku kama mara 800 na ya pili mara 125. Kila mmoja wetu maabara ana pete alizozichanganya na sasa anazitambua kwa kuzizungushia waya na kupima upya. Nilichukua ya 61, ambayo upotevu wake kwenye masafa ya juu ni mdogo kuliko wa 43 na inavumilia joto kuzidi nyuzi 300 kabla haijapoteza usumaku wake. Nikaizungushia waya mara nane. Nikafunga boksi. Saa mbili kasoro nikampa mzee ishara apandishe nguvu.

Saa mbili na dakika kumi na nane, "Imekatika tena." Mtangazaji alikuwa amefika katikati ya namba ya pili.

Usiku ule sikulala. Si kwa sababu ya aibu tu, ingawa ilikuwepo. Nilikuwa namfikiria mtu aliyeshika tarakimu tano kati ya kumi.

Kosa lilikuwa rahisi hata nikachukia kulikuta. Pete zangu za utafiti zinafungwa kwenye waya wa antena, masafa ya megahezi 3 hadi 30, mahali ambapo hakuna umeme wa moja kwa moja. Hapa kulikuwa na ampea 15 zikizunguka pete ile mara nane bila kupumzika. Feraiti hushiba. Ikishashiba sumaku ya umeme ule, kwa mawimbi ni kama haipo, na kilichobaki ni joto. Profesa wetu alilieleza hili muhula wa kwanza. Niliandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Asubuhi nilimwambia mzee ukweli wote. Akanisikiliza, akainuka, akaleta kopo la Blue Band lililojaa vipande: mota za kaseti, vifundo, skrubu. Akatoa kipande cha waya mnene ulioungua, bado una umbo la springi. Koili ya awali.

"Hii ndiyo iliyokuja na mtambo. Nilidhani kiini chake kimedondoka. Nilikitafuta chini ya meza nzima."

Niliishika ile koili nikachungulia ndani yake kama bomba. Hapakuwa na gundi, hapakuwa na alama ya kitu kilichowahi kukaa. Hakikudondoka kitu. Ilikuwa na hewa tangu kiwandani. Hewa haishibi, na haipati joto kwa sababu ya sumaku. Kasoro yake ni kwamba haiongezi sumaku hata kidogo, lakini kwenye megahezi 98 huhitaji nyingi. Na mimi, pamoja na uzamili wangu, nilikuwa nimeona nafasi tupu nikataka kuijaza, sawasawa na yeye.

Tulipata waya wa shaba wa milimita 2 kwa fundi mota pale sokoni. Tukauzungusha mara tano kwenye mpini wa keke wa milimita 10, tukauvuta mizunguko isigusane. Kwa hesabu ni kama maikrohenri 0.14, ambayo kwenye masafa yale ni omu 85. Transista yenyewe inaona omu chache tu. Inatosha na kubaki.

Tulipoijaribu kwenye mzigo bandia badala ya antena, haikupata joto. Lakini mtambo ukaanza kuguna: mawimbi ya ziada ya masafa ya chini, ambayo koili ndogo hivyo haiwezi kuyazuia. Nilikuwa karibu kulia. Ni mzee aliyeonyesha kwa kidevu ule uvimbe mweusi kwenye waya wa monita ya zamani. Ndani yake kuna feraiti inayopoteza, na upotevu ndio tuliouhitaji, ila upande wa pili wa koili, upande wa pawa saplai, ambako mawimbi makali hayafiki. Waya ukapita ndani yake mara moja tu ili isishibe upesi. Mguno ukanyamaza. Tukaiacha saa nzima kwa nguvu zote, mzee akiigusa boksi kila baada ya dakika chache kama anayepima homa ya mtoto.

Saa mbili usiku tulikaa kimya. Namba ya kwanza, mara tatu. Ya pili, mara tatu. Saa mbili na dakika ishirini simu yangu iliita, ni mama. Hakusema chochote. Alikuwa ameiweka simu mbele ya redio yake, na nikamsikia mtangazaji wetu kutoka ng'ambo ya mto, kwa mkwaruzo kidogo, akianza namba ya tatu.

Kabla sijaondoka mzee aliniomba nimtengenezee koili nyingine ya akiba. Akaitia kwenye kopo. Kisha akakata plasta nyeupe, akaibandika ndani ya mfuniko wa boksi la mtambo, akaandika kwa kalamu ya wino kwa herufi kubwa: NDANI HAKUNA KITU. USIWEKE.