Saa Nane za Mama

Msomaji mpenzi, kuna makosa mtu ayafanyayo kwa kutojua, na kuna makosa ayafanyayo kwa kudhani kuwa ajua. Haya ya pili ndiyo mabaya zaidi. Nitakusimulia moja langu, lisije likawa lako.

Mwezi wa Januari 2019 mdogo wangu wa kike alisafiri kwenda New York kusoma. Mama na mimi tulimsindikiza mpaka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Safari za moja kwa moja baina ya miji hiyo miwili zilikuwa zimeanza tarehe 28 Oktoba 2018. Mama akaniuliza, "Mwanangu, atafika lini?" Nikatazama tikiti: kuondoka saa 5 na nusu usiku, kufika saa 12 na nusu asubuhi. Nikajibu upesi, "Ni saa saba tu, mama. Kukicha atakuwa amekwisha fika."

Kulipokucha mama alikuwa ameketi, simu mapajani. Saa 12 na nusu ikapita. Ikaja saa 2, ikaja saa 4. Simu haikulia, na chai yake ikapoa bila kuguswa. Ilipofika saa 6 aliniambia kwa sauti ndogo, "Ndege imeanguka, nawe wanificha." Ndipo nilipotwaa kalamu na kufanya hesabu niliyofunzwa chuoni, ambayo mimi mwenyewe nimeifundisha miaka mingi.

Ifanye pamoja nami. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Nairobi iko karibu nyuzi 37 mashariki ya Greenwich, na New York karibu nyuzi 74 magharibi. Jumla yake ni 111. Gawanya kwa 15, utapata saa 7 na kitu. Kwa desturi ya saa zilizowekwa, New York huwa nyuma yetu kwa saa 8 wakati wao wa baridi, na kwa saa 7 wakati wa joto, wanapozisogeza saa zao mbele. Basi ile saa 12 na nusu ya tikiti ilikuwa yao. Kwetu ilikuwa saa 8 na nusu mchana. Safari ilikuwa ya saa 15, wala si 7.

Hata umbali ungalinionya. Baina ya viwanja hivyo ni yapata kilomita 11,800. Ndege ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa saa 7 ingalifika 6,300 tu. Tena aendaye magharibi katika pande hizo za kaskazini hupambana na pepo kali za juu zitokazo magharibi, na arudiye husukumwa nazo.

Nilipomweleza mama, alinitazama kitambo, akauliza, "Na haya ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?" Sikuwa na jibu. Baada ya saa 9 simu ililia, na mama akalia pamoja nayo.

Tangu siku hiyo, nifundishapo saa za ulimwengu, sianzi na ramani. Naanza na mama. Ewe kijana, ukiulizwa neno na mtu akuaminiye, lipime kwanza, kwa maana yeye hatalipima.