Njia za Kina Mama wa Kuni

Kiamunyi nilikokulia mimi, hakuna aliyekwenda msituni kutembea tu. Ulikwenda ukiwa na haja: kuni, majani ya ng'ombe, dawa ya kikohozi, mbuzi aliyepotea. Mlima Menengai uko juu yetu, na msitu wake wa serikali, mikaratusi na misonobari, ulijulikana na kina mama kuliko mtu mwingine yeyote. Walipanda alfajiri na kamba na panga, wakashuka jua likiwa kali, mzigo mgongoni na kamba imewakaa kwenye paji la uso. Mwenye stakabadhi ya malipo ya mwezi alipita njia kubwa. Asiyekuwa nayo alikuwa na vijia vyake vya kumkwepa askari wa msitu, na vijia hivyo havikuandikwa popote.

Kuvuka msitu hadi kwenye shimo lenyewe, sisi watoto tulikatazwa. Menengai ni mojawapo ya kreta kubwa za volkano duniani, upana wake kama kilomita 12 kwa 8, na kuta zake zinashuka mita mia kadhaa hadi kwenye mawe meusi na vichaka vya mleleshwa. Wazee walisimulia vita vya Wamaasai wa karne ya 19, Ilpurko dhidi ya Ilaikipiak, na mashujaa waliosukumwa kutoka ukingoni. Mvuke unaopanda kule chini, walisema, ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Tulisikia pia habari za watu walioshuka wakazunguka mahali pamoja hadi giza likaingia. Hilo silioni ajabu tena. Mawe yale yanafanana, mleleshwa unakupita kimo, na ukuta wa mbele haukuonyeshi tofauti na ukuta wa nyuma.

Upande wa pili wa mji wetu wa Nakuru kulikuwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Huko shule ilitupeleka, lakini kwa basi. Kuna simba na nyati, kwa hiyo unashuka mahali pachache palipotengwa. Nikakua nikiamini kwamba mazingira ni kitu cha kutazamwa kwenye kioo cha dirisha.

Imani hiyo ilivunjika Kakamega. Tulifika kwa barabara ya Kapsabet, tukalala karibu na Isecheno, na asubuhi tukakabidhiwa mwongozaji, kijana wa pale pale Shinyalu. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha msitu wa mvua ambao zamani uliungana na ule wa Kongo, na unaweza kulihisi hilo kwa hewa tu: nzito, yenye harufu ya majani yanayooza, mwanga ukifika chini kwa matone. Mimi nilikwenda kwa mwendo wa Nakuru. Yule kijana akasimama. Akasimama tena. Katika saa nzima sidhani kama tulimaliza kilomita moja, na sijawahi kuona vitu vingi namna ile kwa hatua chache. Alituonyesha mtini ulioanza kama mbegu iliyoangushwa na ndege juu ya tawi, ukateremsha mizizi, ukaukumbatia mti mwenyeji hadi mti huo ukafia ndani yake. Alituonyesha mwiri uliochunwa magome, akaeleza kwamba magome hayo husafirishwa Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, na kwamba mti ukichunwa mzunguko wote hukauka. Mbega walipita juu, weusi kwa weupe. Akatokea ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, akikimbia juu ya matawi kama kuku uani.

Majina ya miti aliyataja kwanza kwa Kiluhya, kisha kwa Kilatini. Ya kwanza alifundishwa na bibi yake. Ya pili aliyapata kwa waongozaji wenzake, waliojiunga tangu miaka ya 1990 katika shirika lao la KEEP, wakifundisha watoto wa shule na kuotesha miche. Kesho yake tukapanda kilima cha Lirhanda, ambako kuna handaki la wachimba dhahabu wa zamani, siku hizi makazi ya popo. Lakini nilikuwa bado namfikiria yule bibi.

Menengai nako mambo yaligeuka. Sheria ya misitu ya 2005 iliwapa wanakijiji nafasi ya kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na serikali. Mwaka 2011 uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza ndani ya kreta, na malori yakashuka kule tulikokatazwa. Kisha ikaja korona mwaka 2020. Watu waliochoka kufungiwa wakaanza kupanda milima, na sasa Jumamosi utakuta makundi ukingoni, viatu vya rangi kali, wengine wametoka Nairobi usiku. Vijana wa mitaa yetu huwaongoza kwa malipo. Nafurahi kwa dhati. Kijana anayelipwa kwa kuujua msitu ana sababu ya kuuzuia usichomwe makaa.

Lakini wengi wao wanajua njia na mandhari ya picha, basi. Ukiwauliza jina la mti, wanapita. Na vijia wanavyopita, vingine ni vile vile vya kina mama wa kuni, ambao sasa wengi wana gesi jikoni na magoti yamechoka.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kikalenjin ambaye mtaa mzima humwita Kogo, alipanda huko miaka na miaka. Anajua kuni inayotoa moshi mwingi, jani la kufukuza siafu, na mahali senetwet inapostawi, ule mmea ambao mkaa wake hutumika kusugulia kibuyu cha maziwa ya mursik. Nilimpelekea mwongozaji mmoja kijana, nikamwambia, "Kogo, huyu anataka umfundishe majina ya miti."

Akamtazama. "Wale unaowapandisha huko wanakulipa?"

"Ndiyo, Kogo."

"Basi na mimi utanilipa."

Kijana alikubali. Walipatana bei pale pale mlangoni, na Kogo akamwagiza aje na daftari, na boda boda ya kumfikisha hadi msitu unapoanzia.