Chupa ya Babu

Kimya cha wiki nzima kilitokana na safari ya nyumbani Kibosho, kule mlimani juu ya mji wa Moshi. Mnatujua Wachaga na Desemba.

Babu ana chupa ya wiski kabatini. Marehemu baba aliileta Krismasi ya 2019, tukaifungua, kila mtu akaonja. Mwaka uliofuata baba akafariki. Tangu hapo Babu hajaigusa. Imebaki robo.

Safari hii akaniuliza: "Wewe uliyesoma, hii bado nzima?"

Nilielewa wasiwasi wake. Yeye ni mtu wa mbege: ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na msesewe wa kuipa uchungu. Ukiiacha siku chache inachachuka mpaka haifai, kwani bado inaendelea kuumuka. Sasa pombe ya miaka yote hiyo si sumu?

Nikamweleza kwamba wiski imekenekwa, kama gongo tu, na ina kilevi cha asilimia 40 au zaidi. Vijidudu haviwezi kuishi humo, kwa hiyo haiozi. Kinachopotea ni ladha. Adui wa kwanza ni hewa. Chupa iliyofunguliwa ikiwa bado karibu kujaa hukaa hata mwaka bila kubadilika sana, lakini ikibaki robo, hewa ni nyingi na ladha hufifia ndani ya miezi. Adui wa pili ni jua, na kabati la Babu lina vioo, limeelekea dirishani! Chupa isimame, isilazwe kama ya mvinyo, maana kilevi kikali hula kizibo. Na kilichobaki kihamishiwe kwenye chupa ndogo, kijae mpaka shingoni, kifungwe vizuri.

"Kumbe ningeihamisha mapema," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Akanyamaza kidogo. Nikajuta kujifanya mwalimu. Kila Desemba nimeiona chupa ile pale juani, na sikuwahi kusema neno.

Akaagiza glasi mbili. Harufu ilikuwa hafifu, ladha imepooza, ukali tu ndio uliobaki. Babu akameza, akafuta mdomo.

"Baba yako hakusema niitunze. Alisema tunywe."

Tukaimaliza. Chupa tupu ameirudisha kabatini.

Wewe uliye na robo yako nyumbani, usisubiri. Mwite mzee, mmalizie.