Ndege wa Bustani ya Hoteli na Manati za Vijana Wetu

Nimeulizwa zaidi ya mara moja na wazazi wa hapa kwetu Kalinzi, ni nini kimpelekacho mwalimu wa chuo, mtu aliyepita miaka hamsini, mwenye kanzu na kofia, kushuka milima mpaka Kigoma mjini akakae katika bustani ya hoteli. Mmoja wao hakuuliza. Yeye aliwatoa wanawe wawili chuoni kwangu mwezi wa Shaabani, akasema kuwa mtu aonekanaye mahali panapouzwa pombe, tena apigaye picha viumbe wenye roho, hafai kumfundisha mtoto Kurani. Maneno haya si mepesi. Chuo changu hakina mshahara ila kile watoacho wazazi, na heshima ya mwalimu ndiyo rasilimali yake. Kwa hiyo nimeona ni haki yangu, na haki yao pia, nieleze kwa maandishi, asipatikane wa kunitilia kinywani nisiyoyasema.

Jambo lenyewe ni ndege.

Mpwa wangu ni mtunza bustani katika hoteli moja iliyo kilimani, ielekeayo Ziwa Tanganyika. Mimi hushuka Kigoma mara moja kwa mwezi kununua juzuu, chaki na mahitaji ya nyumbani, nami hulala kwake. Yeye huanza kazi mara baada ya swala ya alfajiri, na wakubwa wake wamenipa ruhusa kuingia naye na kukaa mpaka saa mbili na nusu, kwa sharti nisiwasumbue wageni. Baa iko upande wa pili wa jengo, na saa hizo imefungwa. Njiani kwenda sokoni sote twapita mbele ya vilabu vya pombe, wala sijasikia mtu akiambiwa amelewa kwa kupita.

Watu huniuliza, je, Kalinzi hakuna ndege? Wapo, tena wengi. Nchi yetu hii ya Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na milima yetu imepata fungu lake. Lakini ndege wa Kalinzi wakimwona mwanadamu akiinua mkono huruka, nao wana sababu. Pale bustanini miti mikubwa haikukatwa, maua hunyweshwa maji hata Julai na Agosti, nyasi za mlimani zikiwa zimekauka, na hapana mtu arushaye jiwe. Ndege hajui hoteli wala msikiti; ajua pale apigwapo na pale asipopigwa. Kwa sababu hiyo mtu huweza kukaa hatua kumi na mbili kutoka kwa chozi na kumtazama akitumbukiza mdomo wake uliopinda ndani ya ua, shingo yake ikiwaka kijani, kisha akigeuka kidogo ikawa nyeusi, kana kwamba taa imezimwa.

Lakini aliyenifunga moyo ni tumbusi. Najua wengi mtacheka, kwa kuwa tumbusi kwetu ni jina la tusi, ndege wa mizoga na majalala. Huyu wa Kigoma si huyo. Ni mweupe, mbawa zake zina weusi, na uso wake una ngozi tupu ya rangi ya nyekundu. Chakula chake kikubwa ni machikichi. Hutua juu ya mchikichi, hung'oa chikichi moja kwa mdomo, hulishika kwa mguu kama sisi tushikavyo embe, akalimenya ganda lake lenye mafuta akala. Zaidi ya nusu ya chakula chake ni hicho. Zinazobaki ni samaki, kaa na vitu vidogo vya ufukweni. Yaani ni tumbusi ambaye, kwa sehemu kubwa, anakula mawese! Sisi watu wa Kigoma tusiopika maharage bila mawese tulipasa kumjua kabla ya watu wengine wote, na mimi nimeishi miaka hamsini na kitu nikimwona kwa mbali bila ya kumjua. Mtoto wake ni wa rangi ya kahawia, hata ukiwaona wawili hao pamoja hudhani ni jamii mbili.

Kutoka bustani ile pia huonekana furukombe akipaa juu ya maji, na mdiria mwenye madoa meusi na meupe, ambaye husimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja, kisha akaanguka kama jiwe na kuinuka na dagaa. Wavuvi waliokesha na taa zao wanarudi saa hizo hizo. Mdiria hana taa wala wavu.

Zamani waliotaka kuwajua ndege wetu walikuja na bunduki. Mjerumani Richard Böhm, aliyesafiri nchi hizi tangu 1880 akavuka Ziwa Tanganyika na kufa kwa homa huko Katanga mwaka 1884, aliwapiga na kupeleka ngozi zao kwao zikachunguzwe. Yuko keremkerem mmoja aitwaye kwa jina lake mpaka leo. Simlaumu, ndiyo njia waliyokuwa nayo. Miaka themanini baadaye, mwaka 1966, Jane Goodall, yule aliyefika Gombe mwaka 1960 na ambaye milima yake inapakana na yetu, pamoja na mumewe mpiga picha Hugo van Lawick, walieleza kwamba wamewaona hapa Tanzania tumbusi wa Misri wakiokota mawe kwa midomo na kuyatupa juu ya mayai ya mbuni mpaka yakavunjika. Hayo yalijulikana kwa macho na kamera, na hapana ndege aliyeuawa.

Kamera yangu ni ndogo, imekwisha tumiwa na mwingine, nami naliinunua kwa fedha za kahawa. Adabu zake si nyingi. Vaa nguo isiyong'aa; mimi nina kanzu moja ya rangi ya udongo kwa kazi hiyo. Kaa chini, jua liwe nyuma yako, ungoje karibu na ua ambalo ndege amekwisha lizoea, wala usimfuate. Elekeza kamera kwenye jicho lake, kwani jicho likiwa na ukungu picha nzima imekufa. Na kiota usikisogelee kabisa: mama akiruka kwa hofu, kunguru yuko juu ya mti anakutazama wewe ili umwonyeshe njia.

Ama hukumu ya picha, hakuna asiyejua kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako wanaoharimisha kila picha ya chenye roho, nao wana hoja zao zenye nguvu katika Hadithi, wala siwadharau. Wako wanaopambanua baina ya sanamu iliyoundwa kwa mkono na picha ya kamera, ambayo ni kivuli kilichozuiwa mfano wa sura katika kioo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala nzima katika kuihalalisha. Mimi nimeshika kauli hii, na kwa kuihishimu ile nyingine situndiki picha hata moja ndani ya chuo wala mahali pa kuswali. Zimo ndani ya bahasha. Lakini kutazama, hilo halina khitilafu. Katika Surat al-Mulk twaulizwa kwa nini hatuwatazami ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja. Aliyemfundisha mwana wa Adamu namna ya kumzika ndugu yake ni kunguru, na aliyemletea Nabii Suleimani habari za Saba ni hudihudi.

Sasa nije kwa vijana, kwani hapo ndipo penye uzito. Kwetu mvulana wa miaka minane huvaa manati shingoni kama babu yake alivyovaa hirizi. Siku ya Alhamisi, baada ya somo, nalianza kutoa picha katika bahasha na kuwauliza watoto ni ndege gani. Wakawajua karibu wote, lakini kwa ladha! Huyu mtamu, huyu mifupa mitupu, huyu ananuka. Naliwasimulia yule mtoto Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtania kwa upole juu ya kindege chake; kisa kifupi ambacho Ibn al-Qass, katika wanavyuoni wa Kishafi, alitoa ndani yake faida 60. Nikawasimulia pia wale masahaba waliochukua makinda, mama yao akawa anapapatika, na Mtume akaamrisha yarudishwe. Sikumharimishia mtu manati, kwa kuwa ndege wa halali kuliwa, mwenye kumwinda ili amle hana dhambi. Nalisema tu kuwa anayeua akatupa, ataulizwa. Manati saba zimo ndani ya kasha langu, zililetwa na wenyewe. Na aliyekuwa hodari kupita wote kwa shabaha akawa hodari kupita wote kwa kuona, kwani jicho ni lile lile. Huyo ndiye mkubwa wa wale wawili waliotolewa.

Wazee nao walikuwa na lao: kwamba namtetea mwizi wa mtama. Ni kweli wako ndege waharibifu, na mwenye shamba ana haki ya kulilinda. Lakini mwaka 2014 ulitangazwa uchunguzi wa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, ambako matawi mengine yalifunikwa nyavu ndege na popo wasifike, na mengine yakaachwa wazi. Yale yaliyoachwa yalishika matunda zaidi kwa kadiri ya asilimia 9, kwa sababu ndege na popo huwala wadudu. Sisi Kalinzi tunaishi kwa kahawa. Nalipoyasema haya barazani baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja akauliza asilimia 9 ya magunia kumi ni ngapi, na tangu hapo mazungumzo yakawa marefu.

Baba wa wale watoto alikuwapo, alisikiliza, hakusema kitu. Nalimwambia mbele ya watu kwamba nikiona wanavyuoni wetu wa hapa wameafikiana juu ya kamera, nitaiuza. Bustanini nitakwenda vivyo hivyo, na macho yangu.

Wanawe wanasoma kwa mwalimu mwingine, ng'ambo ya bonde, naye ni mtu mwema. Jumamosi iliyopita mkubwa wao alinikuta njiani akaniuliza kama mbayuwayu wamekwisha rudi Ulaya. Nalimwambia wamebaki wachache, juu ya waya, karibu na zahanati.