Bandari ya Southampton na Ahadi ya Safari

Mji wa Southampton uko kusini ya Uingereza, mahali ambapo mito miwili, Test na Itchen, hukutana na kuingia baharini. Mwenye kutoka London kwa gari la moshi hufika huko kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Bandari yake ina neema moja ambayo mabaharia huisifu sana: maji yakishajaa hupungua kidogo tu, kisha hujaa tena kabla ya kupwa. Kwa hiyo merikebu kubwa hupata muda mrefu wa kuingia na kutoka. Mbele ya mlango wake kimelala kisiwa cha Wight, kikikinga mawimbi ya bahari kuu.

Msomaji aliyelelewa Mombasa, Unguja au Lamu hatauona mji huu kuwa mgeni sana kwake. Humo, kama kwetu, watu hujua khabari za ulimwengu kwa kutazama gatini. Kuta za kale zingali zimesimama karibu na maji, na katika bustani ya Mayflower, kando ya gati, watoto huja na wazazi wao kutazama meli za starehe zikiondoka. Meli hizo ni kama miji inayoelea: zina vyumba kwa maelfu, mikahawa, maduka na mahali pa kuogelea. Hapana bandari nyingine katika Uingereza inayopokea meli za namna hii kwa wingi kama Southampton.

Lakini mji huu umejifunza tangu zamani kwamba kukata shauri la kusafiri si kusafiri. Mwezi wa Agosti 1620 merikebu mbili, Mayflower na Speedwell, zilitoka hapa kwenda Amerika. Hata kabla ya kung'oa nanga, abiria walilazimika kuuza sehemu ya akiba yao ya siagi ili walipe madeni. Haukupita muda Speedwell ikaanza kuvuja. Wakaingia Dartmouth kuitengeneza, wakatoka, ikavuja tena, wakarudi Plymouth. Mwisho waliiacha, baadhi ya abiria wakakata tamaa ya safari, na Mayflower ikaenda peke yake mwezi wa Septemba. Na tarehe 10 Aprili 1912 ilitoka hapa Titanic, ambayo haikufika. Katika bustani ya mji liko jengo la ukumbusho wa mainjinia wake.

Tumeitaja historia hiyo kwa sababu twataka kusimulia mtihani mwingine ulioupata mji huu katika miaka ya 2020 na 2021, wakati maradhi ya Korona yalipozifunga bandari za dunia, na khasa wakati zilipoanza kufunguliwa tena. Watu wengi wanaukumbuka ule wakati wa kufungwa. Wachache wanakumbuka ya kwamba kufunguliwa kulileta taabu yake, nayo ilikuwa taabu ya kutojua.

Onyo la kwanza lilitoka mbali. Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, nchini Japani. Ilikuwa na watu 3,711, na 712 kati yao walithibitika kupatwa na maradhi. Ulimwengu ukaona ya kwamba meli ya starehe, ambayo sifa yake ni kuwakusanya watu pamoja kwa siku nyingi, ndiyo pia njia nyepesi ya kueneza maradhi. Ilipofika Machi kampuni kubwa zilisimamisha safari. Majira ya joto ya mwaka ule meli zilitia nanga mbele ya Weymouth na Torbay, magharibi ya Southampton, zikiwa tupu ila kwa mabaharia wachache. Wenye mashua wa pwani ile, waliokosa kazi nyingine, wakawa wanawachukua watu kwenda kuzitazama kwa karibu.

Sasa tufikiri khabari ya jamaa waliokwisha kukata tikiti. Desturi ya safari hizi ni kutoa arbuni mapema, pengine mwaka mzima kabla ya safari, na kumaliza malipo yaliyobaki yapata siku 90 kabla ya kuondoka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 juu ya safari za jumla yasema ya kwamba kampuni ikivunja safari, yapasa kurudisha pesa zote kwa muda wa siku 14. Lakini msafiri akijitoa mwenyewe kwa khofu tu, kwa kawaida hupoteza arbuni yake, na kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo anavyopoteza zaidi.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo lenyewe. Baba wa nyumba aliyekuwa na tikiti ya mwezi wa Agosti alipaswa kumaliza malipo mwezi wa Mei, na wala hakujua kama meli itaondoka. Akijitoa mwezi wa Mei, khasara ni yake. Akilipa na kungoja, na kampuni ikavunja safari mwezi wa Julai, atapata haki yake yote. Basi kila upande ulimtazama mwenziwe, ukingoja nani atavunja kwanza, kwa kuwa mvunjaji ndiye mwenye kulipa. Mtu mwenye akiba aliweza kungoja. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa imesimama, na ambaye kila pauni ilihitajiwa kwa kodi ya nyumba, hakuweza.

Tena palikuwa na jambo la pili. Kampuni nyingi ziliwaambia wateja wao: msichukue pesa, chukueni hati ya safari ya baadaye, nasi tutawaongezea thamani yake. Wengine waliongezewa robo nzima, hata hati ya pauni 1,000 ikawa pauni 1,250. Hilo si jambo baya lenyewe, wala hatusemi ya kwamba waliolitoa walikusudia hila. Lakini hati si pesa. Thamani yake yategemea uzima wa kampuni iliyoitoa. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Cruise & Maritime Voyages, iliyokuwa na makao ya safari zake katika bandari ya Tilbury, ilianguka kabisa. Meli yake ya zamani, Marco Polo, ilipelekwa Alang, India, kuvunjwavunjwa. Wale ambao malipo yao yalikuwa chini ya dhamana ya vyama vya biashara ya safari walikuwa na mahali pa kudai. Ambaye hakuwa na dhamana alibaki na karatasi.

Mwaka 2021 ulipoingia, chanjo ikaanza kupatikana na matumaini yakarudi. Kutoka tarehe 17 Mei Serikali ilitoa rukhsa ya safari za ndani ya nchi, kwa sharti kwamba meli isichukue zaidi ya watu 1,000 au nusu ya uwezo wake, iliyo ndogo kati ya hesabu hizo mbili. Tarehe 20 Mei meli ya MSC Virtuosa ikaondoka Southampton. Mwezi wa Juni ikafuata meli ya P&O iitwayo Britannia, iliyozunguka pwani ya kusini na kurudi pale pale bila kutia nanga mji wowote. Watu walifurahi hata kwa hayo.

Hata hivyo amri zilibadilika kila baada ya siku chache, wala hazikuwa sawa kila mahali. Scotland, ambayo ina serikali yake katika mambo ya afya, haikutoa rukhsa ile ile iliyotolewa England. Mwezi wa Juni meli iliyopangiwa kupakia abiria Greenock, karibu na Glasgow, haikuruhusiwa kuwapakia, na waliokwisha kufunga mizigo yao wakaambiwa wakae nyumbani. Kampuni moja ilitaka kila mtu mzima awe amechanjwa mara mbili, nyingine ikaridhika na kipimo tu. Vijana waliona tabu zaidi, kwa sababu chanjo ilitolewa kwa zamu ya umri. Kijana wa miaka 18 katika England alifikiwa na zamu yake tarehe 18 Juni, na baina ya chanjo ya kwanza na ya pili yalitakiwa majuma 8 kwa uchache. Kwa hiyo, hata angekimbilia chanjo siku ile ile, asingekamilisha kabla ya katikati ya Agosti. Wazazi wake walikuwa tayari tangu zamani, lakini meli ya Julai iliyotaka chanjo mbili isingempokea. Si kosa la kijana, wala la mzazi, wala la daktari. Kilichokosekana ni kulinganisha tarehe mbili kabla ya kulipa.

Khabari hii yatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki pia. Serikali ya Uingereza ilikuwa na orodha nyekundu ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiliwa. Tanzania iliingizwa Januari 2021. Kenya iliingizwa tarehe 9 Aprili, siku moja na Pakistan, Bangladesh na Ufilipino. Kutoka Februari mwaka ule, mwenye haki ya kuingia Uingereza akitoka nchi hizo ilimpasa kukaa hotelini siku 10 kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Kenya iliondolewa katika orodha mwezi wa Septemba, na Tanzania mwezi wa Oktoba. Basi katika majira yale ambayo jamaa mmoja wa Southampton alikuwa akijiuliza kama ataona pwani ya Cornwall akiwa juu ya meli, jamaa mwingine wa mji huo huo alikuwa akijiuliza kama mama yake wa Mombasa au Tanga ataweza kuja arusini. Wote wawili walikuwa wakisoma amri zile zile.

Tumelitaja jina la Ufilipino kwa makusudi. Kutoka nchi hiyo hutoka mabaharia wengi sana wa meli za starehe: wapishi, watandika vitanda, wafagiaji, mafundi. Hao hawakukata tikiti, lakini mashaka yaliwaangukia kuliko abiria. Mwishoni mwa 2020 mabaharia wapatao 400,000 wa meli za kila namna walikuwa wamekwama melini, mikataba yao imekwisha, bandari hazikuwaruhusu kushuka na ndege hazikuwapo. Wengine nao walikuwa kwao wakingoja, bila mshahara. Abiria akinung'unika kwa juma moja la mapumziko lililompotea, ni vema akumbuke pia mtu ambaye angemtandikia kitanda chake.

Kuzuia safari kwa ajili ya maradhi si jambo jipya, na Waislamu twalijua. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham na kufika mahali paitwapo Sargh, alipata khabari ya tauni. Hakuamua peke yake. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na baada ya shauri akarejea Madina pamoja na watu wake. Walikuwako waliotaka safari iendelee, lakini uzima wa watu ukatangulizwa. Basi twaona ya kuwa kurudi njiani si aibu. Aibu ni kumwachia mnyonge gharama ya kurudi huko.

Mashaka ya Southampton yalikwisha kidogo kidogo. Tarehe 18 Machi 2022 Uingereza iliondoa amri zake zote za Korona juu ya wasafiri wanaoingia nchini. Leo meli hujaa kama zamani. Lakini maradhi mengine yaweza kuja, na hata bila maradhi, vita na dhoruba huvunja safari. Kwa hiyo twapenda kuwapa jamaa zetu nasaha hizi, ziwafae kwa safari ya meli, ya ndege, hata ya basi.

Kwanza, kabla ya kutoa arbuni, ulizeni kwa maandishi: nyinyi mkivunja, nini kitarudi, na sisi tukivunja, nini kitarudi? Majibu mawili hayo ndiyo mkataba. Pili, msitoe arbuni ambayo nyumba haiwezi kuikosa, wala msiende starehe kwa pesa za mkopo. Tatu, mkipewa hiari baina ya pesa na hati, pimeni haja ya nyumba yenu, wala msishawishiwe na nyongeza. Nne, someni amri za mahali mnapotoka na za mahali mnapofikia, kisha zisomeni tena juma la safari, maana amri ya mwezi jana yaweza kuwa si amri ya leo. Tano, hesabuni tarehe za kila mmoja katika jamaa, kuanzia mdogo, kwa kuwa safari ya jamaa hufungwa na yule asiyekamilisha masharti.

Na kwa vijana wetu wanaofanya kazi katika ofisi za safari, tuna neno moja. Mtu akija kwenu kuuliza, msimwambie kwamba mambo yatakuwa sawa ikiwa hamjui. Mwambieni mnalolijua na mnalolingoja, na tarehe ambayo ataweza kujitoa bila khasara. Neno "inshallah" lisiwe pazia la kuficha masharti ya tikiti. Akiisha kuyajua masharti yote, ndipo aseme "inshallah" kwa moyo safi, akaenda kufunga mizigo yake.

Wabillahi taufiki.