Babu Alitaka Dripu Iongezwe, Dokta Akaifunga: Usiku wa Mbwa Pale Mbesa

Mjini siku hizi kila kitu dripu. Umelewa jana, dripu. Umechoka na kazi, dripu. Unataka ngozi ing'ae kabla ya sendoff, dripu. Sasa kuna dada mmoja, ukimwona Instagram utadhani naye ni wa mambo hayo hayo, maana picha zake ni miwani, kucha na jua la jioni. Kumbe ni daktari wa mifugo, kasoma SUA pale Morogoro, na chupa ya dripu imemnyima usingizi kuliko hata ex wake.

Chanzo ni mbwa mmoja wa zamani. Dada alikuwa mgeni kazini, mbwa yuko mezani kalala kwa dawa, presha ikashuka. Akafungua dripu. Presha haikupanda. Akafungua zaidi. Alfajiri yule mbwa akawa anapumua kama mtu anayezama, povu linatoka puani. Maji yalikuwa yamevujia kwenye mapafu. Alipokufa, mwenye mbwa alimshukuru dokta kwa kujitahidi. Hakuna neno lililomuuma kama lile asante.

Basi mwaka huu akaenda Mbesa, mkoani Ruvuma, kusalimia ndugu. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unafika Tunduru, kisha unashuka kusini. Begi lake la kazi halimwachi, si unajua watu wa fani hiyo. Siku ya pili jioni, babu jirani akaja mbio. Ni mzee wa swala tano, mbwa wake wa kulinda shamba hajawahi kukanyaga baraza. Ila jioni ile alikuwa kambeba kifuani, kanzu imelowa damu. Nguruwe pori alikuwa kampasua ubavu kwenye mahindi.

"Mjukuu wangu, huyu ndiye askari wangu. Nisaidie."

"Shikamoo babu. Mlaze hapo mezani."

Mbwa alikuwa na kilo kama 15. Akamchoma ketamini na dawa ya kulegeza misuli, akaweka kanula mguuni, akamfunga mkanda wa presha wa mtoto mchanga, taa ikiwa ni simu mbili zilizoshikwa na watoto wa jirani. Katikati ya kushona, wastani wa presha ukasoma 52. Kwa mbwa aliye usingizini, ukishuka chini ya 60 figo na ubongo vinaanza kukosa damu ya kutosha. Mapigo ya moyo yalikuwa 160.

Hapo ndipo swali lilipo, na ndilo lililomshinda mara ya kwanza. Presha imeshuka kwa sababu damu imepungua, au kwa sababu dawa ya usingizi imelegeza mishipa? Kwa macho, mbwa hao wawili wanafanana. Mmoja anahitaji maji, mwingine maji yatamzamisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Ernest Starling alichunguza mioyo ya mbwa na kuonyesha kwamba moyo ukijazwa zaidi unasukuma kwa nguvu zaidi, lakini hadi kikomo fulani. Ni kama mpira wa manati. Ukiuvuta, jiwe linaenda mbali. Ukishafika mwisho, kuvuta zaidi ni kuutafutia kukatika tu.

Kwenye hospitali kubwa za wanyama, mbwa anapopumuliwa na mashine, kuna vipimo vya kutazama jinsi wimbi la mapigo linavyopanda na kushuka kwa kila pumzi. Likiyumba sana, kuna uwezekano mkubwa moyo bado una nafasi ya kupokea maji. Pale Mbesa hakukuwa na mashine. Kwa hiyo akafanya jaribio la wanyonge: maji kidogo ya Ringer, mililita 45, yaani 3 kwa kila kilo, kwa dakika chache, halafu unatazama.

Presha ikapanda hadi 61. Mapigo yakashuka hadi 138. Moyo umejibu. Akarudia mara moja, ikafika 66. Akaendelea kushona.

Baada ya muda ikashuka tena, 54. Damu ilikuwa imeshazibwa. Akatoa mililita 45 nyingine. Kimya. 54. Mapigo yale yale.

"Ongeza maji, mjukuu wangu. Mnyama anakufa huyu!"

Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kila kitu ndani yake kilitaka kufungua dripu, maana ukifungua unaonekana unafanya kazi. Ukifunga, mbwa akifa, wewe ndiye uliyemnyima maji. Akaifunga.

Akaacha kuongeza dozi ya usingizi. Badala yake akachoma ganzi kwenye kingo za kidonda ili mbwa asisikie sindano, akaomba blanketi, maana baridi nayo huchangia kuvuruga presha. Dakika zikaenda. 57. 60. 64.

Na hili si la mbwa peke yao. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa dripu nyingi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 11 kati ya 100, wakati wasiopewa hivyo walikuwa kama 7. Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa, kwa hiyo aliyekaukiwa bado anahitaji maji yake. Dripu ni dawa kama dawa nyingine, ina anayeihitaji na ina dozi.

Asubuhi babu alikuta mbwa kasimama, anayumba kama mlevi, anatafuta ugali. Akamletea dokta mfuko wa korosho.

"Jana nilikulaumu moyoni," akamwambia.

"Najua, babu. Hata mimi nilijilaumu."

Zile korosho alizila kwenye basi, njia nzima hadi Songea. Picha hakupiga hata moja.

Ungekuwa wewe, babu kakusimamia hivyo, ungefunga au ungeongeza?